BINTI AAMBIWE MAANA YA CHANJO

Tangu mwezi wa Novemba 2015, Serikali ilipoanza kutoa katika Uganda nzima chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, wauguzi wamekuwa wakifika katika shule zetu za msingi na masanduku ya barafu mabegani, na wasichana wa miaka kumi wamekuwa wakipangwa mstari ili wachanjwe. Juu ya jambo hili wamesema madaktari, wamesema viongozi wa dini, wamesema wanasiasa. Wazazi nao wamesema, baadhi yao wakiliunga mkono na baadhi wakilitilia shaka. Asiyesikika ni yule yule anayekunja mkono wa sare yake ya shule na kuipokea sindano.

Ndugu msomaji, makala haya yanamhusu msichana huyo: anaiwazia nini chanjo hii, anaogopa nini, na sisi watu wazima tuna deni gani kwake. Maoni yangu ni kwamba wasichana wetu, kwa jumla, hawaichukii chanjo. Wanachokichukia ni kutendewa kama mizigo. Kuambiwa simama hapa, nyosha mkono, rudi darasani, pasipo neno hata moja la kuwafahamisha. Na neno hilo likikosekana kinywani mwa mwalimu na mzazi, halikosi msemaji. Husemwa njiani na kisimani na mtu asiyelijua.

UGONJWA WENYEWE

Kabla ya kumsikiliza msichana, yafaa tuupime uzito wa jambo lenyewe. Saratani ya mlango wa kizazi, au kansa ya kizazi kama wengi tuiitavyo, ndiyo saratani iuayo wanawake wengi kupita nyingine zote katika Uganda. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, wanawake wapatao 7,000 wa nchi hii walipatwa na ugonjwa huo katika mwaka ule, na zaidi ya 4,500 walifariki. Hao ni mama kumi na wawili na zaidi kila siku ipitayo. Lau jeshi lingepoteza askari kiasi hicho vitani katika mwaka mmoja, nchi nzima ingeketi matanga. Lakini kwa kuwa mama hawa hufa mmoja mmoja, kila mmoja kijijini kwake, hatusikii kilio chao kwa pamoja.

Chanzo cha ugonjwa huu kinajulikana. Mwaka 1983 mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, aligundua ndani ya saratani hiyo aina mojawapo ya virusi viitwavyo HPV, na kwa kazi yake hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivi huambukizwa kwa kugusana kwa miili katika tendo la ndoa. Ni vya kawaida mno, hata watu wengi huvipata wakati fulani wa maisha yao, na aghalabu mwili wenyewe huvishinda bila mtu kutambua. Lakini kwa baadhi ya wanawake virusi hukaa visitoke, na taratibu huugeuza mlango wa kizazi kuwa kidonda cha saratani. Aina mbili kati yake, ya 16 na ya 18, ndizo zinazoleta kiasi cha asilimia 70 ya saratani hii.

Ugonjwa huu haukimbii, unatambaa. Tangu kuambukizwa hadi saratani kujitokeza huweza kupita miaka 15 hadi 20. Na kwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI asiyepata matibabu, miaka 5 hadi 10. Katika muda huo wote mama huonekana mzima, analima, anauza sokoni, analea, hali adui yumo ndani. Wengi wao huja kufika katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, wakati ambapo ugonjwa umekwisha kuenea. Wala tusisahau mwaka 2016, mashine pekee ya tiba ya mionzi iliyokuwapo nchini ilipoharibika. Waliojaliwa uwezo walivuka mpaka kwenda kutibiwa Nairobi, na ilipita zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mashine nyingine kuanza kazi. Taifa lenye waganga wachache na mashine chache haliwezi kuungoja ugonjwa kama huu mlangoni mwa hospitali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu gharama yake ni roho za watu.

SANAMU YA KULENGEA SHABAHA

Ufa huo waweza kuzibwa kwa chanjo, nayo wala si ngumu kuieleza. Mwanajeshi hufundishwa kulenga shabaha kwa sanamu ya mbao yenye umbo la mtu. Sanamu ile haina bunduki, haina uhai, wala haiwezi kumdhuru yeyote. Lakini askari aliyezoea kuilenga, adui wa kweli akitokea, hamwulizi jina. Chanjo hii nayo ni sanamu. Wataalamu wametengeneza ganda tu la kirusi cha HPV, lisilo na mbegu ndani yake, na kwa sababu hiyo haliwezi kuzaana wala kuleta ugonjwa. Mwili huliona ganda, hujifunza umbo lake, na huweka walinzi tayari.

Kwa nini basi achanjwe mtoto wa miaka kumi, na si mwanamke aliyekwisha kuolewa? Kwa sababu mazoezi hufanywa kabla ya vita. Chanjo huzuia virusi visiingie. Haiviondoi vilivyokwisha kuingia. Isitoshe, mwili wa mtoto huipokea chanjo na kujenga kinga kwa nguvu kuliko mwili wa mtu mzima.

Kwamba kinga hiyo ni ya kweli, ushahidi umekwisha kupatikana. Katika Uskoti, ambako wasichana walianza kuchanjwa shuleni mwaka 2008, uchunguzi uliotangazwa mwezi wa Januari 2024 haukukuta hata mgonjwa mmoja wa saratani ya mlango wa kizazi miongoni mwa wanawake waliokamilisha chanjo walipokuwa na miaka 12 au 13. Na tusidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Jirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2011, wakiwa wa kwanza katika Afrika kuwapa chanjo wasichana wa nchi nzima, na katika mwaka huo huo wa kwanza walimaliza dozi zote tatu zaidi ya wasichana tisa katika kila kumi waliokusudiwa.

Uganda yenyewe haikuanza kwa kukurupuka. Tangu mwaka 2008 majaribio yalifanywa katika wilaya mbili: Ibanda, huko Magharibi, na Nakasongola, wilaya ambayo sisi askari twaifahamu kwa uwanja wake wa ndege za kivita. Ibanda walichanjwa wasichana wa darasa moja. Nakasongola walitafutwa wenye umri wa miaka kumi. Njia ya Ibanda iliwafikia wengi zaidi, maana darasa la mtoto hujulikana papo hapo, bali umri wake mara nyingi hubishaniwa. Tangu hapo shule imekuwa ndiyo njia kuu ya chanjo hii. Na ikiwa shule ndiyo njia, basi anayopaswa kupewa mwanafunzi humo si sindano tu. Shule ni mahali pa kufundishwa.

WANAYOYAWAZA WASICHANA

Yeyote aliyepata kuketi na wasichana wa shule akawaacha waseme bila kuwakatiza, atakuta kwamba fikira zao juu ya chanjo hii si fikira moja.

Wapo wanaoitaka, tena kwa moyo wote. Msichana aliyemwona shangazi yake akirudishwa nyumbani kutoka Mulago ili afie kwao hahitaji hotuba ndefu. Neno kansa amelisikia, harufu ya chumba cha mgonjwa anaijua, na akiambiwa kwamba ipo sindano ya kuzuia mambo yale, huwa wa kwanza kusimama. Wasichana wa namna hii ni wengi kuliko tunavyodhani.

Wapo wanaoogopa maumivu. Hofu hii watu wazima huicheka, na hapo ndipo tunapokosea, kwani mtoto akichekwa hanyamazi moyoni. Dawa yake si kumwambia kwamba haiumi, maana baada ya dakika moja atajua kuwa ameongopewa, na toka hapo hatasadiki lolote tutakalosema. Aambiwe kweli: sindano inachoma kidogo, mkono huweza kuuma na kuvimba siku moja au mbili, wengine hupata homa kidogo au kizunguzungu, na kwa ajili hiyo kila aliyechanjwa huketi dakika 15 akiangaliwa kabla ya kuondoka. Mtoto akiyajua hayo kabla, yakitokea hayamshtui. Kwa upande wa pili, mzazi asiyetaka kuuona mkono wa bintiye ukiuma siku mbili na akumbuke kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wapo wanaoogopa utasa. Hii ndiyo hofu nzito kupita zote, na hatuna haki ya kuidharau. Katika jamii zetu mwanamke asiyezaa hupata maneno ya mawifi, hupata maneno ya jirani, na mara nyingine hupoteza ndoa. Msichana wa miaka kumi amekwisha kuyasikia hayo jikoni kwa bibi yake. Basi akija mtu akamnong'oneza kwamba sindano ya Wazungu inafunga kizazi, atafikiri nini? Jibu lake ni kweli tupu. Chanjo hii imetumika duniani tangu mwaka 2006, mamilioni kwa mamilioni ya wasichana wamechanjwa, na uchunguzi haukuonyesha kwamba inaondoa uzazi. Wasichana waliochanjwa Ibanda mwaka 2008 leo ni wanawake wa makamo ya kuwa na nyumba zao. Na waulizwe wao. Tena aambiwe jambo ambalo aghalabu halisemwi: kinachoondoa uzazi ni ugonjwa wenyewe. Mwanamke anayepatwa na saratani hii mara nyingi hulazimika kuondolewa kizazi au kuchomwa kwa mionzi, naye baada ya hapo hazai tena. Anayeutamani uzazi wa bintiye ana sababu ya kuikubali chanjo, si ya kuikimbia.

Wapo wanaoogopa kuvunjiwa heshima. Kwa kuwa virusi hivi hupatikana kwa tendo la ndoa, limetokea neno kwamba msichana achanjwaye anaandaliwa uhuni, au kwamba amekwisha kuuanza. Mtoto mwenye haya, aliyelelewa vyema, atawezaje kunyosha mkono mbele ya wavulana wanaomcheka kwa neno hilo? Yafaa ieleweke kwamba utafiti uliofanywa Magharibi ya Uganda na kuchapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha wasichana waliochanjwa na wasiochanjwa, na haukuona kwamba chanjo iliwatia wasichana katika vitendo vya mapenzi. Uchunguzi wa nchi nyingine nao umesema vivyo hivyo. Zaidi ya hayo, msichana anaweza kujitunza mpaka siku ya harusi yake, akawa mke mwaminifu maisha yake yote, na bado akaletewa virusi na mume aliyetembea kabla ya kumjua. Heshima ya mwanamke haimkingi na yale asiyoyatenda yeye. Chanjo humkinga.

Mwisho, wapo wanaouliza swali la haki: kwa nini sisi tu, na kaka zetu je? Swali hili nimelisikia mara nyingi, nami naliheshimu. Wavulana nao hupata virusi hivi, huvieneza, na huweza kupata saratani za aina nyingine kwa sababu yake. Australia, kwa mfano, imewachanja wavulana tangu mwaka 2013. Lakini wanaokufa kwa maelfu ni wanawake, na mahali ambapo chanjo na fedha havitoshi, huanza yule aliye katika hatari kubwa zaidi. Jibu hilo msichana hulielewa mara moja. Asichokielewa ni kunyamaziwa.

UVUMI HUJA PENYE UKIMYA

Kazi yangu jeshini ni ya habari na uhusiano na wananchi, na kazi hiyo ina somo moja kubwa: uvumi hauzaliwi na ubaya wa watu, bali huzaliwa na ukimya wa wale wanaojua. Magari ya jeshi yakipita kijijini usiku bila maelezo, asubuhi kutakuwa na vita katika vinywa vya watu. Sindano ikiingia darasani bila maelezo, jioni kutakuwa na utasa katika vinywa vyao.

Yaliyotokea katika nchi za mbali na yatuonye. Mwaka 2014, katika mji wa El Carmen de Bolívar nchini Colombia, wasichana wa shule waliokuwa wamechanjwa walianza kuzirai na kuumwa kichwa, mmoja baada ya mwingine, hata wakafika mamia. Wataalamu wa Serikali walichunguza wakasema chanjo haikuwa chanzo, bali hofu iliyoenea kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Lakini wasichana wale hawakuwa waongo. Waliumwa kweli, na walipoambiwa kwamba ni mawazo tu walijiona wametukanwa. Katika muda wa miaka miwili hivi nchi ile, iliyokuwa imewachanja zaidi ya wasichana wanane katika kumi, ilijikuta haipati hata wawili. Japani nayo, mwaka 2013, iliacha kuihimiza chanjo hii baada ya malalamiko ya namna hiyo, na kiwango kikaanguka kutoka kama asilimia 70 hadi chini ya asilimia moja. Haikurudia kuihimiza ila mwaka 2022. Wapo wanawake wa Japani watakaougua kwa sababu ya miaka ile tisa.

Kutokana na mifano hiyo twajifunza kwamba imani ya msichana si jambo dogo la kuachiwa bahati. Hujengwa kwa miaka na huvunjika kwa juma moja. Nasi tumeona kwetu hapa kwamba wasichana wengi waliopata dozi ya kwanza hawakurudi kwa ya pili. Wengine walihama, wengine waliacha shule, lakini wengine walikuwa hawajaambiwa kwamba kuna ya pili, wala kwa nini iko.

TULIKWISHA KUWEZA

Atakayesema kwamba mambo ya namna hii hayasemeki mbele ya watu, na akumbuke historia ya nchi yetu. Mwaka 1986 maafisa 60 wa jeshi walipelekwa Cuba kwa mafunzo. Walipopimwa huko, 18 kati yao walikutwa na virusi vya UKIMWI. Mwezi wa Septemba mwaka huo, katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote uliofanyika Harare, Fidel Castro alimfikishia Rais Museveni habari hiyo. Ingewezekana kuificha. Taifa lilikuwa limetoka vitani juzi, na aibu ya jeshi ni aibu ya nchi. Lakini uongozi uliamua kusema. Ugonjwa ule ukatajwa redioni, ukatajwa katika mikutano ya hadhara, ukatajwa makanisani na misikitini. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza mbele ya umma akasema kwamba anao, na kabla ya kufariki mwezi wa Desemba mwaka huo alizunguka shuleni akiwaeleza vijana kwa kinywa chake mwenyewe.

Haya yote yalihusu tendo la ndoa, na yalisemwa mbele ya watoto wa shule. Nchi haikuharibika kwa kusema, iliokoka. Basi taifa lililoweza kuutaja UKIMWI wakati ambapo haukuwa na dawa, litashindwaje kuitaja saratani ambayo kinga yake iko mkononi?

ATI NI WATOTO

Najua pingamizi mbili zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba mtoto wa miaka kumi ni mdogo mno, na kumweleza mambo ya kizazi ni kumfumbua macho kabla ya wakati. Pingamizi hii ina adabu ndani yake, nami siibezi. Lakini si lazima mtoto aambiwe ya chumbani. Lugha yetu ya Kiswahili imekwisha kutusaidia, kwani jina la ugonjwa ni maelezo yake. Mwalimu anaweza kusema hivi: “Ndani ya mwili wa kila mwanamke mna nyumba ndogo ambamo mtoto hukaa kabla ya kuzaliwa. Nyumba hiyo ina mlango. Kuna wadudu wadogo wasioonekana kwa macho ambao mtu huweza kuwapata akishakuwa mkubwa, nao hula mlango ule polepole kwa miaka mingi, mpaka mama akaugua na kufa. Sindano hii inaufundisha mwili wako kuulinda mlango huo tangu sasa. Itauma kidogo. Haitakuzuia kuzaa. Haizuii UKIMWI wala magonjwa mengine, na kwa hiyo bado utajitunza. Mwenye swali na aulize.” Maneno hayo hayapiti dakika mbili. Hakuna neno la aibu ndani yake, wala hakuna uongo.

Pingamizi ya pili ni kwamba ukimpa msichana nafasi ya kuuliza umempa nafasi ya kukataa. Ni kweli, wapo watakaosita. Lakini anayelazimishwa leo akanyamaza darasani, hanyamazi nyumbani. Hofu yake huwafikia wadogo zake, na mwakani hao ndio wanaoruka dirisha wakimwona muuguzi. Anayesita akajibiwa vizuri anaweza kuja kesho. Shirika la Afya Duniani limewataja wasichana wa miaka 9 hadi 14 kuwa ndio wanaolengwa kwanza. Kwa hiyo mwenye miaka kumi aliyesita hajapotea. Anasubiri jibu.

Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba kabla ya operesheni yoyote, kila askari, hata wa cheo cha chini kabisa, hana budi kuelezwa hali ya adui, kazi iliyopo, na namna itakavyotekelezwa. Jeshi ndilo chombo cha amri kuliko vyote, na bado halimwingizi mtu katika jambo ambalo hakuelezwa maana yake, kwa kuwa askari asiyejua hukimbia risasi ya kwanza ikilia. Ikiwa askari mwenye bunduki anahitaji maelezo, sembuse mtoto wa miaka kumi?

LA KUFANYA

Jambo la kwanza, chanjo itanguliwe na somo. Siku kadhaa kabla ya muuguzi kuja, mwalimu mlezi wa wasichana akae nao peke yao awaeleze. Kwa kuwa wengi huona haya kuuliza kwa sauti, wapewe vipande vya karatasi waandike maswali bila majina, na maswali hayo yajibiwe yote, hata yale ya kuchekesha. Kuuliza si ujinga.

La pili, mzazi asisikie habari hizi kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtoto anayelia. Shule iitishe mkutano, nazo timu za afya za vijijini zipite nyumba kwa nyumba wakitumia lugha ya pale nyumbani, iwe Kiluganda, Kinyankole, Kiacholi au Kilugbara. Bibi asisahauliwe, maana katika nyumba nyingi neno lake ndilo la mwisho.

La tatu, wavulana nao waelezwe, ili waache kejeli. Mvulana anayejua kwamba sindano ile inamlinda dada yake na kifo, na kwamba siku moja itamlinda mkewe, hatacheka.

La nne, siku yenyewe iwe na staha. Msichana achanjwe mahali palipositiriwa, aketi zile dakika 15 pamoja na rafiki yake, na apewe kadi yake mkononi akiambiwa kama bado anadaiwa dozi au amemaliza. Mwezi wa Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba hata dozi moja inaweza kutosha kwa wasichana, na miongoni mwa ushahidi uliotumika ulikuwamo wa majirani zetu, Kenya na Mwanza huko Tanzania. Ni habari njema. Lakini mpango wowote unaofuatwa, msichana aambiwe unamtaka nini.

La tano, tuwatafute waliopitwa. Kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, madarasa mengi ya nchi hii yalikaa kimya, na wapo wasichana waliofikisha miaka kumi wakiwa nyumbani. Baadhi yao hawakurudi shuleni kamwe. Wengine walikwisha kuwa mama. Hao hawatakutwa katika mstari wa darasa la nne. Watakutwa shambani, sokoni, na katika kazi za nyumbani za watu. Nasi akina baba tulio jeshini tujiangalie: familia zetu huhamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, na kadi ya mtoto mara nyingi hubaki katika sanduku la zamani. Baba anayeitunza bunduki yake kila asubuhi hashindwi kuitunza karatasi moja ya bintiye.

Na akina mama wasiseme kwamba chanjo ni ya watoto, wao wamekwisha kupitwa. Kipimo cha mlango wa kizazi kipo, na mojawapo ya namna zake hutumia siki ya kawaida, ile ile ya jikoni, ambayo ikipakwa huonyesha mahali palipoanza kubadilika, na pakitibiwa mapema saratani haiji. Mama anayekwenda kupimwa humfundisha bintiye kuliko hotuba kumi.

Nanyi mabinti zetu mnaosoma gazeti hili, au mnaosomewa, mna haki ya kuuliza, na mtu mzima aliye na akili hatakasirika. Mwulizeni mwalimu, mwulizeni muuguzi, mwulizeni mama. Ulizeni kwa nini, ulizeni itauma kiasi gani, ulizeni mtazaa au hamtazaa. Mkijibiwa kweli, nyosheni mkono bila hofu, kisha mkienda kisimani jioni mkakuta maneno yanasemwa, yajibuni nyinyi. Hakuna afisa wa habari, jeshini au Wizarani, atakayeaminiwa na msichana mwenzenu kama mtakavyoaminiwa nyinyi.